Kilo Zako Zimo Ndani ya Tiketi

Kasenga ni mji unaojua kilo. Tangu enzi za Wagiriki waliokuwa wakinunua samaki hapa ukingoni mwa Luapula na kuwapeleka kulisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière, hakuna asubuhi inayopita bila mizani kuning'inia mahali fulani karibu na maji. Mama anayeuza makobo akimshika samaki mkononi anajua kama ni nusu kilo au pungufu. Mpunje gramu mia, atakuambia kabla sindano ya mizani haijatulia.

Lakini mama huyohuyo akipata viza ya kwenda kumwona mwanawe Brussels, atafunga valizi kwa kukadiria na macho. Ataipakia kwenye gari, atasafiri nayo zaidi ya kilomita 200 hadi Lubumbashi, na mara ya kwanza valizi hiyo kupimwa itakuwa mbele ya kaunta, foleni ndefu ikimsukuma mgongoni.

Yalimpata mama yangu mkubwa. Valizi yake ilikuwa moja, kubwa, nyekundu, imefungwa kamba ya manila mara tatu kwa sababu zipu ilikuwa imeshindwa kazi. Mizani ikasoma 31. "Mama, valizi iko na kilo mingi," akaambiwa. "Inaruhusiwa 23." Kamba ikakatwa palepale. Nguo za ndani, vitenge vya zawadi, furushi la samaki wa moshi, vyote vikatolewa na kuanikwa sakafuni mbele ya watu asiowajua, yeye akiwa amepiga magoti. Hakupata wa kumwachia kitu. Akarudisha vyote, akalipia kilo nane kwa dola alizokuwa ameziweka za kununulia mjukuu koti la baridi.

Aliporudi, tuliketi tukasoma tiketi yake pamoja. Palikuwa na alama ndogo: 2PC. Maana yake alikuwa na haki ya mizigo miwili, kila mmoja kilo 23. Alilipia kilo nane huku kilo 23 zake nyingine zikienda bure. Hakuna aliyemdanganya, ila pia hakuna aliyemwambia. Begi la bei ndogo kutoka sokoni lingemaliza kesi yote.

Tangu hapo watu huniletea tiketi zao niwasomee, na maswali yao hayatofautiani sana. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Kilo zangu nitazisoma wapi?

Kwenye tiketi yenyewe. Usizisikie kwa jirani aliyesafiri mwaka jana, wala kwa dereva, wala kwa kijana wa kubeba mizigo. Kampuni ileile inaweza kumpa abiria mmoja mizigo miwili na mwingine wa kiti cha jirani mzigo mmoja, kwa kuwa walinunua tiketi za bei tofauti au wanakwenda nchi tofauti.

Siku hizi ajenti anakutumia tiketi kwa simu. Wengine hutuma picha ya ukurasa wa kwanza tu, wenye jina na saa ya kuondoka. Omba kurasa zote. Kwenye mstari wa kila safari, karibu na herufi tatu za kiwanja (FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa, ADD ni Addis Ababa, NBO ni Nairobi), tafuta maneno ya Kifaransa "franchise bagages". Neno hilo la kwanza limewatisha wengi wakidhani ni deni. Siyo, ni kiasi unachobeba bila kulipa zaidi. Mbele yake ndipo penye alama: 1PC ni mzigo mmoja, 2PC ni miwili, 30K ni kilo 30 kwa jumla. Ukiona 0PC au NIL, umeuziwa tiketi ya bei ya chini kabisa isiyo na mzigo wa tumboni hata mmoja, yaani ule unaoukabidhi kaunta ukaenda kwenye tumbo la ndege. Hapo utapanda na mfuko wa mkononi tu, au ulipe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ajenti kabla ya kutoa pesa ni hili: "Bei hiyo ni ya mizigo mingapi, na kila mmoja kilo ngapi?" Tiketi iliyopungua dola 60 lakini haina mzigo inaweza kukugharimu zaidi ya ile uliyoikimbia.

Mizigo miwili ya kilo 23 si sawa na kilo 46?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huumia.

Kuna mitindo miwili. Wa kwanza ni wa uzito: kampuni inakupa jumla, tuseme kilo 30, na wewe unagawanya upendavyo katika begi moja au mawili. Ni kama mtu aliyekodi nafasi ya kilo 30 kwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi hajali zimo katika vikapu vingapi. Mtindo wa pili ni wa kuhesabu mizigo, nao ndio umetawala kwenye safari nyingi za mbali. Hapo kila begi linahukumiwa peke yake. Ukija na begi la kilo 28 na jingine la 18, jumla ni 46 kamili, lakini begi la kwanza limezidi kilo tano na utalipia. Begi la pili lenye nafasi halitaliokoa la kwanza mpaka wewe mwenyewe ufungue na kuhamisha vitu.

Vipimo navyo vinahesabiwa. Jumlisha urefu, upana na kina cha begi. Kampuni nyingi zinataka jumla isizidi sentimita 158. Valizi ya 75 kwa 50 kwa 30 ni 155, inapita. Ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye mistari ya mirabaraba, ambao ukijazwa unaumuka kama mandazi, unaweza kuwa na kilo 20 tu na bado ukavuka kipimo. Ukiutumia, ufunge kwa kamba ubaki na umbo la sanduku.

Kumbuka pia kwamba valizi yenyewe ina uzito. Zile ngumu za magurudumu manne huwa na kilo tatu hadi tano zikiwa tupu. Ukinunua ya kilo tano, katika kilo 23 umebakiwa na 18 za vitu vyako. Kwa mtu anayetoka Kasenga na samaki na unga, begi jepesi la kitambaa kigumu lina faida kuliko valizi inayong'aa.

Familia inayosafiri pamoja inaweza kuchangia kilo? Kwenye mtindo wa uzito, kampuni nyingi hukubali ikiwa majina yote yako kwenye booking moja na mmefika kaunta pamoja. Kwenye mtindo wa kuhesabu mizigo mnaweza kugawana idadi ya mabegi, lakini hakuna begi linaloruhusiwa kuvuka kilo zake kwa sababu eti la mtoto ni jepesi. Mtoto mchanga asiye na kiti mara nyingi hupewa mzigo mdogo na kigari chake cha kusukuma. Thibitisha kwenye tiketi yake, kwa kuwa naye ana tiketi.

Kwa nini 23? Na kwa nini wanakataa kabisa juu ya 32?

Kwa sababu begi lako linabebwa na mgongo wa mtu. Vijana wanaopakia tumbo la ndege huinama ndani ya nafasi fupi na kuinua mamia ya mabegi kwa zamu moja. Kilo 32 ndiyo mpaka uliokubaliwa viwanja vingi duniani kwa begi moja. Likizidi hapo, hata ukiwa na pesa mkononi halipokelewi kama mzigo wa abiria. Ligawe, au lipeleke kwa njia ya shehena.

Sababu ya pili ni hewa, na sisi wa Katanga inatuhusu kuliko watu wa pwani. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la Oktoba likiipasha moto inakuwa nyepesi zaidi. Bawa hupata nguvu kidogo ya kuinua na injini hupumua kwa shida. Ndege ileile ambayo Dar es Salaam ingeondoka imejaa, hapa huenda ikalazimika kupunguza uzito. Ndiyo maana mara nyingine begi lako lenye kilo halali kabisa linaachwa na kuletwa na ndege ya kesho. Siyo lazima liwe limeibwa. Kwenye ndege ndogo za kwenda mikoani utapimwa hata wewe, umesimama juu ya mizani na mkoba wako. Usione haya. Rubani anahitaji namba hiyo ili mrudi salama.

Nimepitia Kinshasa kwa tiketi nyingine. Kilo zipi zinahesabika?

Swali hili lipewe nafasi. Mtu ananunua Lubumbashi hadi Kinshasa kwa kampuni ya ndani, halafu Kinshasa hadi Ulaya kwa kampuni nyingine, tiketi mbili tofauti, kwa sababu jumla imetoka nafuu. Tiketi ya Ulaya imeandikwa 2PC. Anafunga mabegi mawili ya kilo 23. Anafika uwanja wa Luano, Lubumbashi, na kukuta kampuni ya ndani inampa mzigo mmoja. Amekwama kwenye kilomita 1,500 za kwanza, na tiketi ya pili haiwezi kumtetea, maana kisheria hizo ni safari mbili zisizojuana.

Kama ni tiketi moja yenye namba moja, hata ikiwa na kampuni mbili ndani yake, kwa kawaida kanuni ya mizigo ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na begi linaandikwa lebo hadi mwisho wa safari. Kama ni tiketi mbili, panga mizigo kwa kufuata ile iliyo ndogo. Jua pia kwamba huko katikati utalichukua begi lako, utatoka nalo, na utaanza upya kwenye kaunta nyingine. Weka saa nyingi kati ya ndege na ndege. Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwa basi ili wakapande ndege Ndola au Lusaka.

Kabla hujaondoka kaunta soma lebo wanayoifunga kwenye mpini wa begi. Herufi tatu kubwa ni mahali begi linaposhukia. Kama wewe unakwenda Brussels na lebo inasema ADD, simama hapohapo uulize.

Samaki wetu wanaruhusiwa?

Swali la Kasenga hili, na nina furaha kulijibu, kwa sababu wengi wameacha samaki nyumbani bure na wengine wamebeba vitu vilivyotupwa mbele ya macho yao.

Umoja wa Ulaya, ambako wengi wetu wana watoto, unapiga marufuku abiria kutoka nchi kama yetu kuingiza nyama ya aina yoyote na maziwa. Nyama ya porini, ya mbuzi, iliyokaushwa, iliyochemshwa, yote inachukuliwa na kuteketezwa, na faini inaweza kufuata. Lakini samaki wana kanuni yao: kila abiria anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yake na familia yake, mradi samaki wawe wametolewa matumbo, au wamekaushwa, au wametiwa moshi. Makobo wa moshi, mpumbu, chisense wa Mweru waliokauka vizuri: wanapita. Kilo 20 ni karibu begi zima.

Mboga na matunda ni habari nyingine. Tangu Desemba 2019 Ulaya inataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea mbichi. Vilivyosamehewa ni vitano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Majani mabichi ya sombe hayamo. Maembe hayamo.

Na kikanda? Kile tunachokila na karanga na pilipili kinatokana na mizizi ya okidi za porini, na jamii nzima ya okidi iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kuvuka nacho mpaka bila kibali ni kosa, hata kama ni kipande cha kumwonjesha mtoto aliyekua bila kukijua. Inauma, lakini kibaki nyumbani.

Anayeshukia Nairobi akumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Samaki wa kupitia huko usimfunge kwenye mifuko ile myepesi ya sokoni. Namna nzuri ni hii: magazeti tabaka mbili, kitambaa safi cha pamba, kisha ndoo ya plastiki yenye kifuniko au boksi gumu. Samaki aliyekauka kweli hatoi maji wala harufu ya kuwasumbua wengine. Yule ambaye bado ana unyevu ataoza ndani ya saa ishirini za safari na kuharibu hata vitenge. Mafuta ya mawese mengi hukataliwa, na yakipokelewa yakimwagika juu ya mabegi ya wenzako utakuwa na kesi. Kama huwezi kuyaacha, chupa ndogo, kifuniko kilichozungushiwa utepe, mifuko miwili ya zipu, katikati ya nguo.

Malakaiti, mawe yetu ya kijani, ni karibu mara nne ya uzito wa maji. Sanamu ya ukubwa wa chupa ya lita moja inakaribia kilo nne. Pima kabla hujaahidi zawadi, na dai risiti yenye jina la duka, kwa sababu wakaguzi watataka kujua umeipata wapi.

Kilo zikizidi, nilipe wapi?

Kabla ya siku ya safari, kwa ajenti au kwenye tovuti ya kampuni. Kampuni nyingi hutoza bei nafuu mtu akilipia begi la ziada mapema kuliko akiwa kaunta. Na uliza bei zote mbili: ya kuzidisha kilo kwenye begi moja, na ya kuongeza begi zima. Mara nyingine begi zima la kilo 23 linakaribiana na adhabu ya kilo chache. Wanafunzi waulize pia. Baadhi ya kampuni huwapa nyongeza, lakini lazima barua ya chuo ionyeshwe wakati wa kununua, siyo wakati wa kuruka.

Malipo ya kaunta yana risiti yenye namba. Mtu anayekuambia "nipe kidogo nitakupitishia" hana risiti, na ukifika kiwanja cha kubadilishia ndege begi likapimwa tena utalipa mara ya pili bila ushahidi wowote. Usichanganye pia malipo hayo na Go-pass. Hiyo ni ada ya uwanja iliyoanza 2009, inalipwa na abiria, na haihusiani na mizigo. Kuilipa hakukuongezei hata gramu.

Jirani ameniomba nimbebee kifurushi. Nikatae?

Hapa naomba unisikilize. Lebo ya begi ina jina lako. Kilicho ndani, mbele ya polisi wa nchi yoyote, ni chako. Hakuna hakimu atakayekubali kwamba ulipewa uwanjani na shemeji ya rafiki. Kubebeana ni utu wetu, na sisemi tuuache. Watoto wetu wa mbali wanaishi kwa vifurushi hivyo. Lakini kifurushi kiletwe nyumbani siku moja kabla, kikiwa wazi, utoe kitu kimoja kimoja, ukipime, kisha ukifunge wewe kwa mikono yako. Dawa zisizo na karatasi ya daktari, unga usio na jina, vitu vilivyoshonewa ndani ya mto au ndani ya soli ya kiatu: rudisha. Anayekasirika kwa sababu umefungua, mwache akasirike.

Vitu gani visiingie tumboni?

Betri za kuchajia simu, zote, ziwe mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Ile ya mAh 20,000 ina takribani wati-saa 74, na mpaka wa kawaida ni 100. Mkononi pia: pasipoti, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, diploma, pesa, dhahabu, dawa za kila siku, na nguo moja ya kubadili. Mfuko wa mkononi nao una kilo zake, saba kwa kampuni nyingi, nyingine 10 au 12.

Nimefika, begi halikufika

Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Hilo ndilo la kwanza, na linashinda yote yanayofuata. Tafuta ofisi ya mizigo iliyopotea, toa kile kikaratasi ulichobandikiwa nyuma ya pasipoti au kwenye kadi ya kupandia. Kina namba ya tarakimu 10. Ya pili, ya tatu na ya nne zinataja kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Tangu 2018 kampuni zilizo katika shirika la IATA zinatakiwa kulifuatilia kila begi katika hatua nne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo namba hiyo inaweza kumwambia mtu aliye mbele yako begi lilionekana wapi mara ya mwisho. Mwulize hivyo hasa: "Lilisomwa wapi mara ya mwisho?"

Atakuandikia ripoti na kukupa namba ya herufi tano na tarakimu tano. Herufi tatu za kwanza ni kiwanja, mbili zinazofuata ni kampuni. Bila ripoti hiyo wewe ni mtu anayesimulia tu. Eleza begi kwa usahihi: rangi, jina la kiwandani, alama. Ndiyo maana nawaambia watu wapige picha ya begi likiwa limefungwa na nyingine likiwa wazi, na waweke ndani karatasi yenye jina na namba ya simu ya huko waendako. Lebo ya nje inaweza kung'oka.

Haki zako zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Kongo imo, na Ethiopia, Kenya, Tanzania na Afrika Kusini pia zimo. Begi likifika limevunjika au limeibiwa kitu, una siku saba tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likifikisha siku 21 bila kuonekana, kisheria limepotea na unadai fidia. Mahakamani una miaka miwili. Kiwango cha juu cha fidia kinahesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa; tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 kwa abiria, karibu dola 2,000. Hicho ni kiwango cha juu, siyo zawadi: lazima uonyeshe ulikuwa na nini. Risiti za vitenge, picha, hata ujumbe wa simu ulioorodhesha zawadi, vyote vinasaidia. Na nguo au sabuni ulizolazimika kununua wakati unasubiri, tunza risiti, zinadaiwa. Kama begi lina kitu cha thamani kuliko hapo, unaweza kutangaza thamani yake kaunta kabla ya kuondoka na kulipa nyongeza.

Ikiwa safari ilikuwa na kampuni mbili ndani ya tiketi moja, wakianza kukutuma kwa mwenzao, fahamu kwamba unaweza kudai kwa ile ya kwanza, ile ya mwisho, au ile iliyokuwa na begi lilipopotea. Safari za ndani ya nchi tu hazimo kwenye mkataba huo. Zinaongozwa na sheria ya anga ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2010 na masharti ya kampuni, lakini utaratibu wa ripoti, kikaratasi na barua ni uleule. Andika barua hata kama wamekuahidi kwa mdomo. Ajenti wa simu atabadilika kesho. Barua yenye tarehe itabaki.

Mama mkubwa alisafiri tena mwaka uliofuata. Jioni kabla ya kuondoka alimwita kijana wa bandarini na mizani yake ya samaki, ile ya ndoano. Tuliifunga kwenye boriti ya jiko, tukaning'iniza begi la kwanza kwa mpini. Sindano ikacheza, ikatulia kwenye 22.4. La pili 21.6. Mama mkubwa akaitazama sindano kwa muda, kwa jicho lake la sokoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na makobo wawili wakubwa wa moshi, akawapima mkononi, akasema, "Hii inafika kilo moja." Tukawapima. Walikuwa gramu 980. Akawaweka kwenye begi la pili na kuvuta zipu.